Rudolf: Mgeni aliyepewa ziwa asiloliona

Na Mwandishi Wetu

Mwulize babu aliyesoma shule kabla ya mwaka 1975 akutajie ziwa kubwa la kaskazini mwa Kenya. Yamkini atakujibu bila kusita kuwa ni Ziwa Rudolf. Mwulize mjukuu wake aliye katika gredi ya sita, naye atasema ni Ziwa Turkana, na huenda akadhani babu ameanza kuchanganya mambo.

Babu hajachanganya chochote. Ziwa ni lile lile, lenye urefu wa karibu kilomita 290, linalotandaa jangwani kuelekea mpaka wa Ethiopia. Kwa muda wa miaka 87, kuanzia 1888 hadi 1975, vitabu na ramani za dunia nzima zililiita Rudolf.

Huyo Rudolf alikuwa nani? Jina lake lina maana gani, na limeenea kiasi gani? Na kwa nini jina lililoandikwa kwenye ramani kwa miaka yote hiyo halikuota mizizi katika vinywa vya wenyeji wa Lodwar, Kakuma na Lokichoggio?

MBWA MWITU MWENYE SIFA

Rudolf ni jina la kale la Kijerumani. Zamani liliandikwa Hruodolf, nalo limeundwa kwa maneno mawili. La kwanza, hruod, lilimaanisha sifa au utukufu. La pili ni wolf, yaani yule mbwa mwitu wa misitu ya Ulaya anayewinda kwa makundi. Ukiyaunganisha unapata mbwa mwitu mwenye sifa.

Msomaji usishangae mzazi kumwita mwanawe kwa jina la mnyama mkali. Wajerumani wa kale walimstahi mbwa mwitu kama mashujaa wetu walivyomstahi simba. Ndiyo maana mnyama huyo amejificha katika majina mengi ya huko. Adolf ni mbwa mwitu wa ukoo bora. Wolfgang naye anambeba mwanzoni mwa jina.

Jina Rudolf lilipata heshima kubwa mwaka 1273, pale mtawala mmoja wa ukoo wa Habsburg aitwaye Rudolf alipochaguliwa kuwa mfalme wa Wajerumani. Ukoo huo ulikuja kuitawala Austria kwa karne nyingi, na jina la mzee huyo likawa likirudiwa kwa watoto na wajukuu, kama wafanyavyo wazee wetu wanaotaka jina la babu lisipotee.

KUTOKA JINA LA MTU HADI LA UKOO

Zamani Wajerumani hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu aliitwa Rudolf, basi. Miji ilipokua na kukawa na Rudolf kumi katika mtaa mmoja, ilibidi watu watafute namna ya kutofautishana. Katika karne za kati za historia ya Ulaya, wengine waliitwa kwa kazi zao. Müller ni msaga nafaka na Schmidt ni mhunzi. Wengine waliitwa kwa mahali walikotoka, na wengine kwa jina la baba.

Hilo la mwisho tunalifahamu vyema hapa kwetu. Ndilo linalofanywa na bin wa Mwambao, arap wa Wakalenjin na ole wa Wamaasai. Tofauti ni kwamba kwa Wajerumani jina la baba liliganda. Likaacha kubadilika kila kizazi, likawa la wajukuu na vitukuu wote. Kwa hiyo mtu mwenye jina la ukoo Rudolph hutambulishwa na jina la mzee aliyefariki mamia ya miaka iliyopita, ambaye pengine hakuna amjuaye.

Rudolf kama jina la kwanza lilienea sana. Waitaliano na Wahispania husema Rodolfo, Wafaransa Rodolphe. Rolf ni Rudolf aliyefupishwa, na Rudi ndilo jina la utani la nyumbani. Ralph, ingawa linasikika kama ndugu, limetoka kwa baba mwingine, kwani nusu yake ya kwanza ilimaanisha ushauri.

Wapo akina Rudolf ambao familia za mjini hukutana nao bila kutambua. Dizeli inayoendesha matatu na malori imepewa jina la mhandisi Rudolf Diesel, aliyezaliwa mwaka 1858. Shule za mfumo wa Steiner, ambazo Nairobi pia zipo, hufuata mafundisho ya Rudolf Steiner. Viatu vya Puma vilianzishwa na Rudolf Dassler mwaka 1948, baada ya kukosana na ndugu yake Adolf, aliyeanzisha Adidas. Na yule kulungu wa Krismasi mwenye pua nyekundu, anayewapendeza watoto madukani kila Desemba, alibuniwa Marekani mwaka 1939.

Kama jina la ukoo, Rudolf au Rudolph ni adimu zaidi. Aliyelipeleka mbali kuliko wote ni Wilma Rudolph, binti mweusi wa Marekani aliyeugua polio utotoni, kisha akanyakua medali tatu za dhahabu za mbio katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Waamerika weusi wengi hubeba majina ya ukoo ya Kizungu kutokana na historia ya utumwa. Binti huyo alilipa jina la Kijerumani sifa ambayo hata Wahabsburg hawakuwa nayo.

Huku Ujerumani kwenyewe, Rudolf aliyekuwa amejaa madarasani mwanzoni mwa karne ya 20 sasa ni jina la mababu. Wazazi vijana ni wachache wanaolichagua.

MSAFARA KUTOKA PANGANI

Jina hilo lilifikaje Turkana? Lilibebwa kwa miguu kutoka pwani ya Waswahili.

Mwaka 1887 msafara mkubwa uliondoka Pangani, ambayo leo iko Tanzania. Waliouongoza ni Samuel Teleki, bwana mkubwa kutoka Hungary, na Ludwig von Höhnel, ofisa kijana wa jeshi la majini la Austria. Mizigo ilibebwa na mamia ya wapagazi kutoka Unguja na pwani. Miongoni mwa waliojua njia za bara alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu kutoka Pangani.

Walipita Kilimanjaro, Mlima Kenya na Baringo, kisha wakaingia nchi kavu. Njaa, kiu na maradhi viliwaua baadhi ya wapagazi. Mwezi Machi 1888 waliobaki waliyaona maji mbele yao, wakayakimbilia kwa furaha. Walipoyaonja wakakuta yana magadi.

Teleki alilipa ziwa hilo jina la rafiki na mfadhili wake, Rudolf, mwana pekee wa kiume wa Mfalme Franz Joseph na mrithi wa kiti cha Austria na Hungary. Ziwa dogo lililo upande wa kaskazini mashariki, ambalo leo liko Ethiopia na huitwa Chew Bahir, likapewa jina la Stefanie, mke wa Rudolf. Mume na mke wakapewa maziwa mawili, nao hawakuwa wamefika hata Mombasa.

Hata hivyo Rudolf hakuifaidi zawadi yake. Msafara ulirejea pwani Oktoba 1888. Januari 30, 1889, mwana huyo wa mfalme alikutwa amekufa kwa risasi katika nyumba yake ya kuwindia mahali paitwapo Mayerling, karibu na Vienna. Alikuwa na umri wa miaka 30. Kando yake ilikuwa maiti ya msichana wa miaka 17, Mary Vetsera. Wanahistoria wengi wanakubaliana kuwa alimwua msichana huyo kisha akajiua.

Kifo hicho kilikuwa na mkia mrefu. Urithi ulihamia kwa jamaa wengine, ukaishia kwa binamu yake Franz Ferdinand, ambaye aliuawa Sarajevo mwaka 1914. Mauaji hayo yakawasha Vita Vikuu vya Kwanza, vita vilivyowafikia hata Waafrika wa Mashariki waliobebeshwa mizigo ya majeshi. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni kumbukumbu ya wapagazi hao.

HÖHNEL NA KINYONGA WAKE

Kati ya majina yote ya msafara ule, lililo adimu zaidi ni la Höhnel. Hata katika nchi za Kijerumani si jina la kukutana nalo kila siku. Nukta mbili juu ya herufi "o" huisumbua mashine ya kupiga chapa, kwa hiyo mara nyingi huandikwa Hoehnel.

Ndiye aliyechora ramani za safari na kuandika kitabu chake, kilichotoka Vienna mwaka 1892. Alirudi Kenya na Mmarekani William Astor Chanler, na mwaka 1893 akajeruhiwa vibaya na kifaru.

Lile neno "von" mbele ya jina lake lilikuwa alama ya ukabaila. Mwaka 1919, baada ya utawala wa wafalme kuanguka, Jamhuri ya Austria ilipitisha sheria ya kufuta vyeo hivyo pamoja na neno hilo. Kwa kalamu moja ya wabunge, Ludwig von Höhnel akawa Ludwig Höhnel, na akaishi hivyo mpaka alipofariki mwaka 1942.

Kisiwa cha kusini cha Ziwa Turkana kiliwahi kuitwa kwa jina lake. Leo kinafahamika zaidi kama Kisiwa cha Kusini, na kimekuwa mbuga ya taifa tangu 1983. Lakini usidhani jina Höhnel limetoweka Kenya. Mwaka 1891 mtaalamu wa wanyama aitwaye Steindachner alimpa kinyonga mmoja wa nyanda za juu jina la hoehnelii. Kinyonga huyo, mwenye kichwa kilichoinuka kama kofia ya chuma, anaishi katika vichaka vya Kenya na Uganda hadi leo. Mkazi wa mjini aliyemwona kwenye ua wa nyumba amekutana na jina la ukoo la Kiaustria bila kuambiwa.

WENYE ZIWA WALIKUWA NA JINA

Teleki na Höhnel hawakulikuta ziwa lisilo na jina. Njiani walikuwa wakisikia habari za Basso Narok, yaani ziwa jeusi. Neno narok ni lile lile lililo katika mji wa Narok. Lile dogo nalo liliitwa ziwa jeupe. Waturkana kwa upande wao huita maji makubwa ya namna hiyo anam.

Kwa Mturkana, jina huambatana na jambo lililotokea. Akiru ni mvua, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa mvua inaponyesha huweza kuitwa Ekiru au Lokiru akiwa mvulana, Akiru au Nakiru akiwa msichana. Ekuwam ni upepo, na wapo watu waitwao kwa jina hilo. Erot ni njia, na aliyezaliwa safarini hupewa jina la namna hiyo. Ewoi ni mgunga, ule mti wenye kivuli ambao chini yake wazee hukutana, nao umezaa jina la Ewoi. Wakija wageni siku ya kuzaliwa, mtoto aweza kuwa Lopeyok.

Mwanamume akikua huweza pia kupata jina la sifa linalotokana na fahali wake ampendaye, likianza na Apa, yaani baba. Jina hilo hujulikana na rika lake, na huimbwa.

Zile silabi za Lo na Na utazikuta pia barabarani. Ukitoka Lodwar kwenda Kakuma hadi Lokichoggio, kisha mpakani Nadapal, unapita katika orodha ya majina yanayofuata utaratibu huo huo wa lugha. Hakuna hata moja lililowekwa kumfurahisha mtu wa mbali.

Hii haina maana kwamba wageni hawakuyagusa. Lokichoggio limeandikwa kwa herufi tofauti tofauti, kwa "g" moja, kwa mbili, na hata kwa "k". Kuanzia 1989, mji huo ulipokuwa kituo kikuu cha ndege za misaada kwenda kusini mwa Sudan, wafanyakazi wa mashirika waliona jina ni refu wakalikata. Likawa Loki. Kwa sadfa tu, Loki ni jina la mungu mjanja katika hadithi za kale za watu wa kaskazini mwa Ulaya, yule ambaye vijana wanamjua siku hizi kutokana na filamu. Mji na mungu huyo hawana udugu wowote. Baada ya mkataba wa amani wa Sudan wa mwaka 2005, mashirika mengi yalihamia Juba, nao wenyeji wakabaki na mji wao na jina lake refu.

Huko Sudan nako alikuwako Rudolf mwingine. Rudolf Slatin wa Vienna alikuwa gavana wa Darfur alipotekwa na wafuasi wa Mahdi mnamo 1883. Alisilimu, akaitwa Abdul Qadir, na akakaa mateka kwa zaidi ya miaka 10 mpaka alipotoroka mwaka 1895. Jina la Rudolf lilimtoka mara tu alipoingia kwa watu wenye majina yao.

LILIVYOONDOKA, LILIVYOBAKI

Serikali ya kikoloni ililikubali jina la Teleki. Ilikuwapo hata Jimbo la Rudolf, ambalo lilikuwa sehemu ya Uganda mpaka mwaka 1926, eneo hilo lilipohamishiwa Kenya. Mwaka 1975, miaka 12 baada ya uhuru, serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ililibadili jina la ziwa likawa Turkana, kwa jina la jamii kubwa inayoishi kando yake.

Hata hivyo Rudolf hakufukuzwa kabisa. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, Mkenya aliyekuwa katika kikosi cha Richard Leakey, aligundua vipande vya fuvu la kale huko Koobi Fora, mashariki mwa ziwa. Fuvu hilo lina umri wa karibu miaka milioni 1.9. Likaandikishwa kwa namba KNM-ER 1470, ambapo herufi ER ni kifupi cha Rudolf Mashariki. Mwaka 1986 mtaalamu wa Urusi, Valery Alekseyev, akalipa aina hiyo ya kiumbe jina la rudolfensis, na leo huitwa Homo rudolfensis.

Angalia mwaka huo, msomaji. Ziwa lilikuwa limeshaacha jina la Rudolf kwa miaka 11. Lakini kanuni za wanasayansi ni kali. Jina likishatolewa kwa utaratibu unaokubalika, halibadilishwi kwa sababu ramani imebadilika. Basi fuvu lililookotwa na Mkenya, la kiumbe aliyeishi kabla ya Wajerumani na Waturkana kuwapo, linabeba jina la mtoto wa mfalme aliyekufa Mayerling.

Hapo ndipo tofauti inapoonekana. Rudolf amedumu pale penye mtu wa kumrithisha, yaani katika koo za Ulaya na Marekani zinazolipokea kutoka kwa baba, na katika vitabu vya wataalamu wenye kanuni. Katika ziwa lenyewe hakuwa na wa kumrithisha. Mama aliyechota maji Kalokol hakuwa na sababu ya kumfundisha mwanawe jina hilo, kwani halikumweleza lolote kuhusu maji, samaki wala upepo.

FUNZO KWA WAZAZI

Majina ya Turkana nayo yamo hatarini, na hatari haitoki tena kwa wavumbuzi. Inatoka mezani. Mtoto huandikishwa Ekuwam kwenye cheti cha kuzaliwa, shuleni akawa Ekuwom, na kwenye cheti cha mtihani akapata herufi nyingine kabisa. Anapokwenda kuomba kitambulisho anatakiwa athibitishe kwamba watu hao watatu ni yeye mmoja. Kijana wa Lokichoggio anayetaka kujiunga na chuo Nairobi au Eldoret anaweza kupoteza muhula mzima kwa herufi moja.

Huko Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, fomu nazo zimewalazimu watu wa mataifa mengi kuchagua jina moja liwe la ukoo. Kijana aliyezoea kuitwa kwa jina lake, la baba na la babu, huenda akafika ng'ambo na kujikuta anaitwa kwa jina la babu peke yake, kama vile Wajerumani wa zamani walivyoganda na la baba.

Kwa hiyo mzazi, hakikisha jina la mwanao linaandikwa namna moja tangu siku ya kwanza. Lisome herufi kwa herufi kabla ya kuondoka mbele ya karani, na ukiona kosa, liombee marekebisho siku hiyo hiyo, maana kosa la dakika tano hugeuka kuwa kazi ya miaka. Kisha mweleze mtoto jina lake linatokana na nini, nani aliyelichagua na siku hiyo kulitokea nini. Kama hujui, mpigie simu bibi Jumapili hii ukamwulize, naye mtoto akiwa karibu asikie mwenyewe.